Kopo la Maganda

Sanduku la risasi ishirini
sasa lapita mshahara wa siku kiwandani,
na kiwanda chenyewe, cha viazi vya kukaanga,
kimefungwa tangu Agosti.
Nilisimama dukani pale Caribou, nikalishika,
nikalirudisha rafuni taratibu
kama mtu aliyebeba mtoto asiye wake.

Ndipo nikakumbuka kopo.

Kopo la kahawa, jekundu, chini ya ngazi.
Baba yangu Rosaire hakutupa ganda.
Apate kulungu, akose kulungu,
aliinama thelujini, akaokota shaba yake,
akaipuliza, akaitia mfukoni.
"Kilichokula moto kitakula tena," alisema,
na mashine hakununua mpaka anazikwa.
Wiki ijayo. Mwaka ujao. Mavuno yakiwa mazuri.

Yangu niliipata kwa Glenda Michaud,
mjane anayeuza gereji ya mumewe kipande kipande.
Mkono mmoja wa chuma, kutu kidogo shingoni,
dola arobaini.
Nikasema thelathini, na gunia la viazi.
Aliitazama mashine, hakunitazama mimi:
"Hervé aliipenda kuliko mbwa."
Akapokea thelathini.
Viazi, akasema, niache mlangoni.

Nimebana kwenye meza:
mlango wa zamani juu ya makabati mawili.
Nimebana kwenye trei:
ubao niliotoboa kwa drili ya shemeji.
Nimebana kwenye kuosha:
maji ya moto, sabuni ya vyombo, siki kidogo,
foronya iliyochanika, na usiku mzima wa kungoja yakauke.
Lakini mizani nilinunua mpya.
Kitabu nacho kipya, maana cha Hervé
kina umri wangu, na baruti zimebadilika
kama nilivyobadilika mimi.
Mshairi akizidisha mizani, ubeti utachechemea tu.
Mimi nikizidisha, ni jicho,
na jicho halina duka.

Jumatano usiku, theluji ya kwanza,
watoto wamelala, redio nimezima.
Ganda, kiwashio, baruti, kichwa.
Vitu vinne, na kila kimoja
chataka kichwa chako pia.
Nilipofika la kumi na moja simu ikalia:
shemeji, anauliza kama drili yake imekufa.
Nikacheka naye, nikakata, nikakaa.

Hili nimelitia, au bado?
Na la kumi?
Na lile la tisa, mbona linanitazama?

Nikayamwaga yote.
Kazi ya saa nzima ikarudi chupani
kwa sauti ya mchanga mkavu.
Hapo, pengine, nikamwelewa baba.
Hakuwa mvivu wala bahili:
alikuwa mtu asiyeweza kuacha simu ilie.
Nikaifungia yangu kwenye friji, kando ya siagi,
nikaanza upya kutoka moja.

Lipo ganda lenye ufa shingoni,
mwembamba kama unywele. Hilo sikulijaza.
Limekaa dirishani. Upepo wa Aroostook ukipenya
pembeni ya kioo, hupiga mluzi mdogo
ambao watoto wanadai ni wa babu.
Siwakatazi.

Hesabu, kwa anayeuliza:
ukijumlisha mashine, mizani, kitabu, viazi,
gharama zangu zitarudi nikishapiga risasi mia tatu.
Mimi kwa mwaka napiga sita.
Nitakuwa na miaka tisini na mbili.

Jumamosi nilivuka shamba la Ouellette
nikapiga tatu kwenye karatasi, hatua mia moja.
Mbili zilikaribiana kama wachumba.
Ya tatu sijui ilikwenda kumsalimia nani.
Nikainama thelujini.
Kila ganda lilikuwa limechimba kitundu chake, cha bluu,
na ndani yake joto bado.
Nikapuliza moja, nikapuliza la pili, la tatu,
nikayatia mfukoni,
nikatembea nyumbani na mkono ndani.