Kiungo

Shirikisho limenipa daftari, tiketi ya basi
na sentensi moja: Don Eladio, tuletee kiungo.
Mkabaji hapana. Wakabaji tunao wa kujaza ghala.
Mabeki wetu huota kama mihogo, hata mvua ikikataa:
vichwa vya kona, vifua vya ukuta,
sifuri kwa sifuri ugenini, tukarudi tukiimba.
Lakini huu mwaka wa tatu straika wetu anasimama kule mbele
kama mgeni aliyealikwa, wakasahau kumpakulia.

Kiungo, basi. Mwenye jicho kisogoni.
Wa kuipokea pasi keshajua pa kuipeleka,
wa kupunguza mwendo uwanja mzima unapokimbia.

Nimekwenda Pilar, nikakuta mvua na mawinga wanne.
Nimekwenda Concepción: miguu ya farasi,
vijana wanaoukimbiza mpira kana kwamba wanaudai.
Villarrica nilimwona mmoja, Derlis, mguso wa pamba.
Babake akaniambia wanahamia Buenos Aires Jumatatu,
kuna kazi ya kupaka rangi.
Na kila kocha niliyemuuliza alinijibu lile lile:
"Walikuwepo. Siku hizi hawazaliwi."

Hawazaliwi.
Neno hilo nimelala nalo hoteli tatu.

Kwa sababu mimi nilikuwa beki namba tano.
Kwa sababu Jumapili moja huko Luque, nina miaka ishirini na mitatu,
Rufino Cabral alinipiga tobo mara mbili,
ya pili akageuka akacheka,
akacheka kama mtu aliyeona kitu kizuri
akataka na mimi nikione.
Kocha aliniita kwenye mstari wa chaki. Hakusema mengi.
"Huyo asimalize."
Nililisikia goti lake kabla refa hajapuliza.
Mlio mdogo. Kama kijiti cha kuwashia jiko.
Na jukwaa, jukwaa zima, likasimama
likaimba jina langu.

Rufino sasa anauza vipuri vya pikipiki.
Napita dukani kwake mara nyingi,
ng'ambo ya barabara.

Kiungo: kinachoutia mchuzi ladha.
Kiungo: pale mfupa unapokutana na mfupa.
Nchi inalalamikia mchuzi,
na mimi ndiye niliyeshika mwiko.

Leo niko Tobatí. Kiwanja kiko nyuma ya tanuri za matofali,
vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye kurasa.
Timu ya wafyatuaji, timu ya kanisa.
Dakika ya tisa nikaacha kuandika.
Mtoto wa miaka kumi na minne, jezi inamfika magotini,
anatazama bega la kushoto, anatazama la kulia,
ndipo mpira unafika, na yeye hana haraka nao.
Anaugusa mara moja. Mlango unafunguka kati ya mabeki wawili
ambapo hapakuwa hata na dirisha,
na mwenzake yuko ndani, peke yake, anashangaa.
"Piga mbele, Aníbal!" anafoka kocha. "Acha mapambo!"

Dakika ya thelathini na nane ikaja.
Beki wa kanisa, jitu lenye ndevu. Simlaumu.
Macho yale nayajua, niliwahi kuyavaa.
Mtoto akaanguka ubavu, vumbi likamfunika,
na watu wakapiga makofi.

Sikumbuki kuuvuka mstari.
Nakumbuka goti langu zee likilalamika,
daftari likibaki kwenye benchi,
na mimi chini, nikimwaga thamosi nzima ya tereré
juu ya kifundo chake, barafu, majani ya mnanaa na vyote.
"Wewe nani, mzee?" refa akauliza.
Sikuwa na jibu fupi.

Aníbal akaukunja mguu. Akaukunjua. Ukakubali.
"Hukumwona anakuja?" nikamuuliza,
sauti yangu ikitoka mahali nisipopajua.

"Nilimwona," akasema, akipangusa matope ya mnanaa.
"Lakini pasi nilikuwa nimeshaitoa."