Kipimo cha Goti

Malkhaz ameketi kwenye kiti cha mashine,
paja limefungwa mkanda, jasho la mazoezi bado mgongoni.
"Sukuma," namwambia. Anasukuma.
Mshale unaruka hadi ukingo wa karatasi.
Msuli huu wa mbele ya paja
umelishwa miaka kumi na mmoja
ya kuanguka kwa magoti
na kuinuka kabla ngoma haijapigwa tena.

"Sasa vuta."
Mshale unapanda kidogo, unasita,
kama mgeni aliyetaka kubisha hodi akasikia ugomvi ndani.

Hapa Kutaisi wavulana husimama juu ya vidole vilivyokunjwa,
ndani ya buti laini zisizo na kisigino,
na vifundo vyao havitetemeki. Nimevishika, najua.
Mfupa haujishiki wenyewe;
hushikwa na nyama iliyofundishwa kungoja.
Ila ngoma nayo ina kipenzi chake:
msuli wa mbele hula ukashiba,
wa nyuma hupewa ukoko.

Anafunga kiatu. Anauliza kama atacheza Jumapili.
Utacheza, nasema. Lakini kila asubuhi
upige magoti zuliani, bibi yako Tsiala akukalie vifundo,
nawe uiname mbele, polepole, mwili umenyooka,
mpaka sakafu ikupokee.
Ujifunze kuanguka kwa kuchelewa.

Anacheka: bibi, anikalie?

Mimi sicheki. Goti langu la kushoto
lilijua kuanguka kwa haraka tu.
Nyumbani nashuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta,
na wanangu hudhani ni mchezo.