Hadi Saa Mbili Usiku

Somo la tatu limenikuta nimevaa glavu.
Jiko limemaliza makaa ya jana, ya leo hayajakolea,
na simu nimeiegemeza kwenye birika
ili uso wangu utokee katikati ya kijidirisha
kama wenzangu kumi na mmoja:
Dulguun wa Darkhan, ambaye mtandao humkata
kila akianza jambo la maana,
Khongorzul, anayeficha ukuta wao kwa picha ya ufukwe,
na mwalimu Undarmaa, kikombe mkononi, hana haraka.

"Andikeni mnachodai. Sentensi moja."

Nikaandika: Haki kwa wakazi wote wa Ulaanbaatar.
Nikajiona nimepasua jabali.
Akaisoma kwa sauti, akanyamaza kidogo.
"Solongo, haki hiyo akupe nani?
Ailete lini, saa ngapi?
Na akiileta, utaipokelea kwenye chombo gani?"

Chombo.
Nikageuza shingo. Pale mlangoni pa hema letu
madumu mawili ya bluu, moja limekatika mkono,
mama amelifunga kwa kamba ya farasi tuliyemuuza.

Nikafuta. Nikaandika tena:
Kioski cha maji namba saba hufungwa saa kumi na moja jioni.
Mama hutoka kiwandani saa kumi na mbili.
Kifunguliwe hadi saa mbili usiku.

"Hizo ni sentensi tatu," akasema Dulguun,
halafu mtandao ukammeza.

Picha nilikuwa nayo: mikono ya Temuulen, mdogo wangu,
myekundu, imeng'ang'ania mpini wa mkokoteni.
"Mwenye mikono umemwomba?" akauliza mwalimu.
Temuulen, macho kwenye daftari la hesabu:
"Sitaki. Darasani wataniita Dumu."
Nikatoka nikapiga picha ya barafu,
ule mstari unaotoka kioskini hadi kwetu,
kila tone alilomwaga limeganda palepale,
shahidi asiyehongeka mpaka mwezi wa nne.

Usiku ule bando liliisha nikihesabu.
Walioipenda mia mbili na ushei.
Mmoja aliandika: Rudini malishoni mkachunge.
Kidole kiliniwasha. Jibu nilikuwa nalo, lina pilipili,
lakini mwalimu alishatuambia:
anayekutukana hana ufunguo;
mwandikie mwenye ufunguo.

Basi mwenye ufunguo akaja mwenyewe.
Siyo diwani. Bi Tsermaa, muuza maji,
koti juu ya koti, theluji kwenye nyusi.
Hakuketi.
"Nimeona. Hadi saa mbili usiku.
Hizo saa tatu nani atanilipa?
Kile kidirisha hakina hata jiko.
Umeandika mtaa, umeandika namba ya kioski.
Ndani ya namba hukuona mtu?"

Hilo hatukuwa tumefundishwa.
Mama akammiminia chai ya maziwa na chumvi.
Akainywa wima, hadi tone la mwisho,
akarudisha bakuli bila neno.

Leo somo la nne, kijidirisha changu kina watu wawili.
Bi Tsermaa amesogea mno,
pumzi yake imeziba kamera,
wenzangu wanaona wingu linaloongea:
linasema malipo ya zamu ya pili,
linasema waya wa umeme ulioahidiwa tangu majira ya joto,
linasema vidole vya mguu wa kushoto, viwili,
ambavyo hauvisikii tena.
Dulguun hajakatika hata mara moja.
Mwalimu anaandika, kikombe amekisahau.
Sentensi yangu imerefuka, imekuwa na mabega,
na bado haijafika kwa diwani.

Mlango unafunguka, baridi inaingia kabla ya Temuulen.
"Bi Tsermaa! Foleni imefika kwa muuza makaa,
wanakuuliza, wengine wanakutukana."
Anapapasa mfuko. Funguo zinalia.
"Waambie nakuja," anamwambia mtoto,
kisha, akiiinamia simu, kwa wale kumi na mmoja:
"Msiandike la mwisho. Sijamaliza."