Sheria ya Bomba

Darasa la Pili B, Nkuhungu.
Watoto themanini na saba, bomba moja,
na maji ya mgawo: Jumatatu na Alhamisi.

Niliandika ubaoni SHERIA. Chaki ikakatika kwenye R.
Ni nini hii, nikauliza.
“Polisi,” alisema Hetal, mtoto wa duka la vitambaa.
“Faini,” alisema Mazoya,
ambaye mama yake anauza karanga Sabasaba
na mwezi uliopita mgambo waliondoka na beseni lake,
karanga zikiwa ndani.
“Fimbo!” walisema waliobaki,
macho yao yote mkononi mwangu.

Nikaiweka fimbo juu ya kabati.
Nikawatoa nje.

Upepo wa Agosti mnaujua:
unakupaka vumbi hadi kwenye kope,
ukirudi nyumbani hata mbwa wako anasita kidogo.
Bombani wenye viwiko walikunywa kwanza.
Kabula alikunywa mara mbili.
Domisiani, aliyekuja Februari kutoka Farkwa,
alisimama pembeni na kikopo chake cha plastiki
mpaka kengele ikalia. Kikopo kikavu.

Hapo ndipo tulipokaa chini, kwenye kokoto.
Bungeni ni nauli mbili kutoka hapa,
nasi tukafungua letu bila viti.
Nani aanze? Wenye miguu mifupi, alisema Mazoya.
Waliofagia, alisema Kabula, kwa sababu alikuwa amefagia.
Walibishana mpaka jua likaniingia kisogoni.
Tulipiga kura kwa kokoto, tukahesabu,
tukakuta kura mia na tatu,
tukarudia.

Kwenye boksi la sabuni nikaandika walivyosema:
Panga mstari.
Mdogo kabla ya mkubwa.
Ukimmwagia mwenzako, mjazie.
Sheria hii ni ya wote.

“Wote akina nani?” aliuliza Hetal.
Basi kila mmoja akasimama na salamu ya kwao,
tujue ni akina nani.
Mbukwenyi, na nusu ya darasa ikaitikia kwa kishindo.
Mwangaluka. Kemcho.
Domisiani akasema neno lake la Kisandawe,
lina kidoko katikati,
mlio kama kijiti kikavu kikivunjika.
Wakacheka. Kama siku zote.
Kisha Kabula akajaribu kulitamka, akashindwa.
Mazoya akajing'ata ulimi.
Nikajaribu na mimi, mwenye cheti cha daraja la kwanza,
nikatoa mlio wa kuku anayefukuzwa jikoni,
na Domisiani akacheka mpaka akakaa,
mara ya kwanza tangu Februari.

Alhamisi.
Mkutano wa walimu saa nne kamili,
mwalimu mkuu hapendi kusubiri,
birika halina maji.
Nikapita kando ya mstari na jagi langu,
haraka haraka, kama mtu mzima,
nikafika bombani, nikashika koki.

“Mwalimu.”
Sauti ndogo. Alikuwa wa nane kwenye mstari.
Alinyoosha kidole, si kwangu,
kwa lile boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ukutani.
“Imeandikwa wote.”

Watoto themanini na sita wakanyamaza.
Waliitazama fimbo kupitia dirishani, juu ya kabati,
halafu wakanitazama mimi.
Nakiri: kitu fulani kilipanda kifuani mwangu, cha moto.
Nilikilea kidogo.

Kisha nikaiachia koki, nikatembea
kokoto kwa kokoto hadi mwisho wa mstari,
na kwa kuwa mdogo hutangulia mkubwa,
kila aliyechelewa alikuja akasimama mbele yangu
bila kuomba radhi.
Niliingia mkutanoni saa nne na nusu,
viatu vimelowa, nikaulizwa nilikokuwa.
“Kwenye foleni,” nilisema.

Jioni nikajaza andalio la somo.
Mahali pa tathmini huwa tunaandika
*wanafunzi wameelewa*, tunageuza ukurasa.
Nilikaa na kalamu kwa muda.
Nikaandika: *Mwalimu naye ameanza kuelewa.*