Beji ya Babu Yake Bertók

Kaiweka mezani imefungwa leso,
dukani kwangu Szeged, saa ya kufunga.
Kabla ya lenzi, nanusa:
kutu ya kweli hainuki siki.
Hii inanuka.

Nageuza. Nyuma ndiko mkono husema.
Mshono wa vita una haraka, una njaa,
fundi kaishiwa uzi mweusi
akamalizia wa kahawia.
Huu umenyooka kama mstari wa daftari.

Nazima balbu, nawasha taa ya zambarau.
Wahenga walituonya na king'aacho;
uzi ukawaka, mweupe, kama meno gizani.
Vita vilipokwisha
uzi wa namna hii ulikuwa haujazaliwa.

"Bandia," nasema, bila kumtazama.

Bertók haulizi bei.
Anasema babu aliivaa kila Novemba,
akikunja shati kuonyesha kovu, hapa,
chini kidogo ya bega,
nao wajukuu wakiligusa kwa zamu.
"Na kovu?"

Naangalia lenzi, sumaku, mizani ya gramu.
Nairudisha beji katika leso,
nafunga fundo lilelile alilokuja nalo.
Simtozi kitu.