Mrija wa Shaba

Mayai yalipasuka usiku wa Jumatano.
Matatu. Ute umeganda kwenye nyufa kama nta.
Asubuhi mtindi ulikuwa jiwe,
bilauri ya ukwaju ikamnasa Mwanamize ulimi,
tukacheka,
hadi nilipofungua kikasha cha mlangoni,
nikakitoa kichupa cha insulini ya baba,
nikakitikisa sikioni.
Kimya.
Iliyoganda haitumiki, hata ikiyeyuka.

Fundi Kupi alikuja, viatu mkononi,
akatia kichwa ndani ya friji, akakitoa.
"Thamostati imekufa.
Mpya iko Mombasa. Elfu tatu na mia tano.
Jumamosi itafika Mokowe, inshallah,
basi lisipoharibika Gamba."
Akamaliza kahawa yetu, akashuka ngazi.

Nikabaki nayo, inanguruma.
Nikazungusha kidude toka saba hadi moja:
inanguruma.
Nikakirudisha kwenye sifuri.
Tk.
Ikanyamaza.

Kumbe haijafa.
Maiti haambiwi nyamaza akanyamaza.
Mkono wangu inausikia,
baridi ndiyo haisikii.

Bisibisi sina. Nikatumia kisu cha siagi.
Skrubu mbili, ya tatu ilikwishapotea zamani,
nikavua kifuniko, na taa yake, na vumbi lake,
nikauona: mrija wa shaba, mwembamba kama unyasi,
ambao kazi yake ni kulala ukutani kule nyuma,
ngozi kwa ngozi na barafu,
na kupeleka habari.
Kibanio kimekatika.
Umejikunja kwenye sponji, mkavu, vuguvugu,
na miezi hii yote unaapa kwamba humu ndani ni joto.

Baba yuko kiwandani, miguu ameinyoosha juani.
Mwezi wa Shaabani alikanyaga kaa la chetezo.
Tulijua kwa harufu, nayo mwanzo tulidhani ni udi.
Yeye alikuwa anasimulia bei ya kamba,
akaendelea kusimulia.

Nilikuwa na uzi wa kofia, ule mweupe wa vito,
kofia ya mtu wa Mkomani niliyoahidi tangu Mfungo Mosi.
Nikaunyoosha mrija kwa vidole viwili, polepole
(ukivunjika, basi, ni Mombasa kweli),
nikaulaza ukutani, nikaufunga
mafundo matatu,
la nne la wasiwasi.

Nikawasha. Nikakaa sakafuni.
Nusu saa. Adhana ya alasiri ikaja ikapita.
Tk.

Nyumba nzima ikatulia,
hata saa ya ukutani nikaisikia, ambayo sikujua bado inatembea.

"Umeme umekatika?" baba akauliza.
"La. Imetosheka."

Kichupa tuliazima kwa Bi Somoe wa Gadeni,
nacho nilikiweka rafu ya kati, mbali na ukuta,
kila saa nakwenda kukitikisa.

Usiku nikaleta beseni.
Nikatia kiwiko changu kwanza, nikangoja,
kisha mguu wake wa kulia, ule wenye kovu.
"Mai yamoto?"
"Vuguvugu, baba."
"Haya," akasema,
akauachia mguu mikononi mwangu.