Nyuzi Arobaini

Raija ameshika usukani, mimi nimepakata kompyuta
kama mtoto wa watu asiyetaka kulala.
Saa sita ya usiku, Juni, nje ya Sodankylä,
na jua limekaa juu ya misonobari
halina mpango wa kwenda popote.

"Gia ya tatu. Kanyaga polepole. Usiachie."
Anakanyaga. Saab ya mwaka themanini na tisa
inakohoa, inakwenda, inakohoa,
na nyuma yetu moshi mweusi unaandika hewani
malalamiko yale yale ya miaka mitatu.

Kompyuta ya gari ni ya kizamani, haina haraka:
mistari miwili kwa sekunde, basi.
Mizunguko, elfu mbili mia nne.
Oksijeni kwenye ekzosi, kidogo mno.
Joto la maji, themanini na nane.
Themanini na nane.
Themanini na nane.
Nasoma kwa sauti kama karani wa mnada
ambao mnunuzi hajatokea.

Kauko, aliyemuuzia, alisema gari lina kisirani.
Fundi wa kwanza alibadilisha plagi,
wa pili nozeli,
wa tatu alibadilisha bei.
Mimi si fundi. Mimi ni mhasibu wa halmashauri,
ninachojua ni kimoja: kisichoandikwa hakikaguliki.

Tukafika darajani. Tairi zikagonga kiungo cha chuma,
du-du,
na katika safu ya joto, mstari mmoja tu:
arobaini chini ya sifuri.
Kisha themanini na nane, kana kwamba halijasemwa neno.

"Rudi."
"Wapi?"
"Darajani. Rudi, Raija."

Tulivuka daraja lile mara saba.
Du-du, arobaini. Du-du, arobaini.
Mara ya tano halikusema kitu, nikaona aibu,
mara ya sita likarudia.
Mbu wa huku hawana malaria, wana njaa tu;
waliingia dirishani wakatusaidia kuhesabu.

Ndivyo ilivyofundishwa kompyuta hii na waliyoiunda:
waya ukinyamaza, kimya chake ni baridi kuu.
Nayo, kwa huruma, ikamimina petroli,
kama mama anayemwongezea blanketi
mtoto ambaye tayari anatoka jasho.

Kwingine mtu angecheka. Arobaini!
Lakini hapa uongo huo una mashahidi.
Januari kipimajoto cha Kauko kilisoma thelathini na nane,
na kope zake ziligandana akitafuta funguo.
Nani angeuhoji mtambo uliozidisha nyuzi mbili?
Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Ya huyu ilipita baridi tatu na mafundi watatu,
ikaja kukatika kwenye jua la usiku
lisilompa mtu pa kujificha.

Tukafungua boneti kando ya barabara.
Kurunzi ya nini? Mwanga ulikuwa wa bure.
Nilifuata waya kwa vidole, nikalivua ganda lake:
shaba imeota ukijani, nyuzi zote zimekatika
ila mmoja, mwembamba kuliko unywele,
unaoshika barabara ikiwa laini
na kuachia barabara ikigonga.
Nyuzi arobaini za baridi,
zote zimening'inia kwenye uzi huu.

Raija akautazama kwa muda mrefu.
Ni muuguzi wa zamu za usiku, amezoea
mgonjwa kusema hapa panauma, pakauma kwingine.
"Nilimtukana Kauko," akasema. "Mbele ya kanisa."
Kisha akashika koleo, akakata, akaunga,
akafunga kwa utepe wa hospitali, ule mweupe.

Tukarudi. Daraja: du-du.
Nyuma yetu hewa tupu, na barabara imenyooka.
"Bado unasoma?"
"Bado."
"Soma kwa sauti, basi."

Themanini na nane.